Kani dhaifu kuliko zote ndiyo inayoivuta bahari: uzi kuhusu kani nne za msingi

#1 Mwalimu wa Bamvua (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimefundisha fizikia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na swali lililonikaa moyoni kuliko yote halikutoka kwenye mtihani. Liliulizwa na mwanafunzi aliyebaki darasani wenzake walipokwenda kula: "Mwalimu, umesema graviti ndiyo kani dhaifu kuliko zote. Mbona basi ndiyo pekee inayoniangusha?" Siku ile nilimjibu kwa haraka kwa sababu kengele ilikuwa imekwisha kulia. Leo nataka kulijibu kwa urefu unaolistahili, maana ukilifuata swali hilo hadi mwisho wake utajua kwa nini bahari hupwa na kujaa, kwa nini milima ina kikomo cha kimo, na kwa nini jua halijazimika.

Nianze na maneno. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "nguvu" kwa mambo mengi: nguvu za mtu, nguvu za dola, nguvu za dawa. Fizikia ya Kiswahili hutumia neno "kani" kwa kile kinachosukuma au kuvuta, nami nitalifuata. Kani za msingi tunazozijua ni nne. Ipo graviti, yaani kani ya uvutano. Ipo sumakuumeme, inayounganisha umeme, sumaku na mwanga. Ipo kani kali ya nyuklia, inayokifunga kiini cha atomu. Na ipo kani dhaifu ya nyuklia, inayobadilisha neutroni kuwa protoni au protoni kuwa neutroni. Jina hilo la mwisho huwachanganya wengi: kani dhaifu ya nyuklia ni dhaifu ukiilinganisha na ile kali, lakini graviti ni dhaifu zaidi yake kwa mbali mno.

Ni dhaifu kiasi gani? Chukua atomu ya haidrojeni, yenye protoni moja na elektroni moja. Chembe hizo mbili zinavutana kwa umeme, kwa kuwa chaji zake ni kinyume, na pia zinavutana kwa graviti, kwa kuwa zote zina tungamo, yaani kiasi cha maada. Mvuto wa umeme unauzidi mvuto wa graviti mara nyingi kiasi kwamba ukitaka kuiandika idadi hiyo, utaandika 2 kisha uifuatishe na sifuri 39. Ndani ya atomu, graviti ni kama haipo.

Lakini chaji ni za aina mbili, chanya na hasi, na kwa sababu zinavutana kwa nguvu kubwa, hazikai mbalimbali kwa muda mrefu. Kila chanya hujitafutia hasi yake. Ukilitazama jiwe, mti au sayari nzima, chaji zake zimekwisha kufutana, na kwa mbali umeme wake hauonekani. Graviti haina aina mbili. Hakuna tungamo hasi la kulifuta tungamo chanya. Kila chembe inachangia mvuto wake mdogo, na mchango huo haurudishwi kamwe. Fikiria vitabu viwili vya hesabu: kimoja kimejaa mamilioni ya deni na malipo yanayofutana hadi salio likawa sifuri, na kingine kina shilingi moja moja inayoingia tu na haitoki. Mwishoni chenye shilingi moja moja ndicho chenye mali. Ndiyo maana dunia inapokuwa na kilo 6 zenye sifuri 24 nyuma yake, kani iliyokuwa ya mwisho katika atomu inakuwa ya kwanza katika anga.

Ninaomba tuanzie baharini, kwa sababu mimi ni mtu wa pwani na hapo ndipo nilipoiona kani hii ikifanya kazi kabla sijajua jina lake.

#2 Binti Jambiani

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtoto wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mama yangu analima mwani, na maisha yetu yote yalipangwa na maji. Siku za bamvua maji hupwa mbali sana, akina mama wanashuka kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, na wengine wanakwenda kutafuta pweza kwenye miamba. Siku za maji mafu bahari haiondoki ipasavyo na kazi inasimama. Tuliyajua haya kwa kuutazama mwezi. Ninachoomba kufahamu ni mambo mawili: mbona maji hujaa mara mbili kwa siku na hali mwezi ni mmoja? Na mbona bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambazo ni hali mbili zilizo kinyume kabisa?

#3 Mwalimu wa Bamvua

Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali mawili ambayo Isaac Newton aliyapa nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1687, na jibu la yote mawili ni moja: bahari haisogezwi na mvuto wenyewe, inasogezwa na tofauti ya mvuto.

Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Unaivuta dunia nzima, lakini hauivuti sawasawa. Upande unaouelekea mwezi uko karibu nao kuliko kitovu cha dunia kwa kilomita 6,400 hivi, kwa hiyo unavutwa kwa kani kubwa kidogo zaidi. Upande wa nyuma uko mbali zaidi, kwa hiyo unavutwa kwa kani ndogo kuliko ile inayokivuta kitovu. Mbele, maji yanaitangulia dunia. Nyuma, dunia inayatangulia maji. Pande zote mbili bahari inatuna, na kati yake inapungua. Dunia inapojizungusha, pwani moja hupitia hali hizo zote, ndiyo maana maji hujaa mara mbili. Mwezi nao hausimami. Unasonga katika njia yake, na hiyo ndiyo sababu kujaa kumoja na kunakofuata huachana kwa saa 12 na dakika 25 hivi, na maji ya kesho huchelewa dakika 50 kuliko ya leo. Mama yako anaijua hesabu hii bila kuiandika.

Sasa bamvua. Jua linaivuta dunia kwa kani inayokaribia mara 180 ya ile ya mwezi. Ungetarajia jua ndilo liitawale bahari. Lakini tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, tofauti inapungua mara nane. Jua liko mbali mno, kwa hiyo mchango wake katika kupwa na kujaa haufiki hata nusu ya mchango wa mwezi. Mwezi unapoandama, jua na mwezi huwa upande mmoja. Unapokuwa mpevu, huwa pande mbili zinazotazamana. Kwa kuwa kila kimoja kinaitunisha bahari mbele na nyuma, katika hali zote mbili athari zake huangukia kwenye mstari mmoja na kujumlishana. Hiyo ndiyo bamvua, na maji yake makubwa zaidi hufika siku moja au mbili baadaye kwa kuwa bahari ni nzito na huchelewa kuitika. Mwezi unapokuwa nusu, vinavuta kwa pembe mraba, jua linapunguza kazi ya mwezi, na hayo ndiyo maji mafu.

Niongeze kwamba picha hii ya kutuna mbele na nyuma ni picha ya bahari isiyo na mabara. Bahari halisi ina kingo, vina na ghuba, na maji huzungukazunguka ndani ya mabonde yake kama uji ndani ya bakuli linalotikiswa. Ndiyo maana Unguja na Dar es Salaam wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4, ilhali sehemu kubwa ya pwani za Mediterania hazifikishi hata mita moja.

#4 Mtu wa Mwanza

Ndugu mwalimu, nashukuru kwa maelezo. Huku kwetu Ziwa Victoria halipwi wala halijai. Je, mwezi haulivuti? Pia kuna watu wanaosema kwamba kwa kuwa mwili wa binadamu una maji mengi, mwezi mpevu huyavuta maji ya mwilini na kuleta maradhi. Hilo lina ukweli?

#5 Mwalimu wa Bamvua

Mkuu, mwezi unalivuta ziwa kama unavyoivuta bahari. Lakini tofauti ya mvuto ninayoizungumzia, hata kwa dunia nzima, ni ndogo sana: ni kiasi cha sehemu moja katika milioni 10 ya uzito wa kawaida. Bahari inaionyesha kwa kuwa maji yake yanasukumwa pembeni kwa maelfu ya kilomita na kukusanyika. Ziwa lina upana wa kilomita mia kadhaa tu, kwa hiyo kupanda kwake ni kwa sentimita chache, na upepo wa jioni moja unatosha kukuficha.

Kwa mwili wa mtu ni kidogo zaidi. Tofauti ya mvuto wa mwezi kati ya utosi wako na nyayo zako haifiki sehemu moja katika trilioni 10 ya uzito wako. Maji ya mwilini yamefungwa kwa sumakuumeme ndani ya seli, nayo haitikisiki kwa kiasi hicho. Jirani anayekaa karibu nawe kwenye daladala anakupa athari ya graviti ya aina hiyo kubwa kuliko mwezi.

#6 Mwalimu wa Bamvua

Niendelee na sumakuumeme, kwa sababu ingawa imejifuta kwa mbali, kwa karibu ndiyo inayotushikilia sote. Kitabu kilichowekwa mezani hakizami ndani ya mbao kwa sababu elektroni za nje za kitabu na za meza husukumana, zikisaidiwa na kanuni ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, inayozikataza elektroni kukaa mahali pamoja katika hali moja. Kuona, kugusa, kunusa, moto wa kuni, chumvi kuyeyuka, damu kuganda, yote hayo ni sumakuumeme.

Mtazameni mjusi kafiri juu ya dari. Vidole vyake havina gundi wala havinyonyi kama kikombe cha mpira. Nyayo zake zimejaa vinyweleo, karibu nusu milioni kwa kila unyayo, na kila kinyweleo kimegawanyika kuwa mamia ya ncha nyembamba mno. Ncha hizo zinaukaribia ukuta kiasi kwamba chaji za molekuli zake na za ukuta zinavutana kidogo, mvuto unaoitwa wa Van der Waals. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walithibitisha kwa majaribio kwamba huo ndio unaomshika. Kila ncha inashika kidogo sana. Kwa pamoja zinaushinda uzito wake mara nyingi.

Mbona basi tembo hawezi? Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638. Ukimkuza mnyama mara kumi kwa urefu, eneo la nyayo zake linakua mara 100, lakini uzito wake unakua mara 1,000. Kushikilia ni kazi ya sumakuumeme na kunafuata eneo. Uzito ni kazi ya graviti na unafuata ujazo. Sisimizi anaishi katika nchi inayotawaliwa na sumakuumeme: tone la maji linaweza kumnasa, lakini akianguka kutoka juu ya mnazi haumii. Tembo anaishi katika nchi inayotawaliwa na graviti, na miguu yake imejengwa kama nguzo kwa sababu hiyo. Sisi wanadamu tuko mpakani.

Mahali ninapopenda zaidi kuwaonyesha wanafunzi mpaka huo ni Mlima Kilimanjaro. Katika bonde moja la mlima huo kuna mti wa jenasi ya Entandrophragma wenye urefu wa mita 81.5, ulioripotiwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko miti yote iliyopimwa Afrika. Juu yake ni kilele cha mita 5,895. Mti na mlima vyote vinapigana vita vilevile.

#7 Mkazi wa Marangu

Mwalimu, hapo kwenye mti nina swali. Pampu ya kunyonya kisimani kwangu ilikataa kuyatoa maji kina kilipozidi, na fundi aliniambia hakuna pampu ya kunyonya itakayozidi mita 10. Mti wa mita 81 unayapandishaje maji bila pampu? Nilifundishwa kwamba mizizi ndiyo inayoyasukuma.

#8 Mwalimu wa Bamvua

Fundi wako alisema kweli. Pampu ya kunyonya huondoa hewa tu. Kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa ya nje, nao unatosha kwa mita 10.3 usawa wa bahari, na huko kwenu mlimani hata hazifiki. Mizizi nayo husukuma kidogo, lakini si kwa kiasi cha kufikisha maji juu ya mti kama huo.

Siri iko katika molekuli ya maji yenyewe. Upande mmoja wake una chaji hasi kidogo na upande mwingine chanya kidogo, hivyo molekuli hushikana. Ndani ya mishipa myembamba ya mti maji ni kama kamba isiyokatika kutoka mzizini hadi jani. Jua likilikausha jani, molekuli inayotoka huivuta iliyo nyuma yake, nayo huivuta ifuatayo, hadi chini udongoni. Mti hausukumi maji, unayavuta. Kwa mita 81.5, graviti peke yake inadai mvutano wa takriban mara nane ya kanieneo ya angahewa, bila kuhesabu msuguano wa mishipa, na mshikamano wa maji unalipa deni hilo kila siku. Lakini kadiri mti unavyorefuka, majani ya juu hukaa na kiu zaidi na mapovu ya hewa hutishia kuikata kamba. Watafiti waliopima miti mirefu ya California, ambako uko mti wa mita 116 hivi, walikadiria kwamba hakuna mti unaoweza kuzidi mita 130 hapa duniani.

Mlima nao una deni kama hilo. Mwamba unashikiliwa na vifungo vya sumakuumeme kati ya atomu zake. Ukiurundika mno, uzito wa juu unazidi uwezo wa vifungo vya chini, na mwamba wa chini huanza kulegea na kutiririka polepole kama lami. Duniani kikomo kiko karibu na kilomita 10: Everest ina mita 8,849, na Mauna Kea wa Hawaii, ukipimwa kutoka kitako chake chini ya bahari, unazidi kidogo mita 10,000. Kwenye Mirihi, ambako graviti ni asilimia 38 ya yetu, volkano ya Olympus Mons imefika kilomita 22 hivi. Siyo graviti peke yake iliyoikuza. Ganda la Mirihi halisogei kama letu, kwa hiyo volkano imekaa juu ya chanzo kimoja cha joto muda mrefu. Hata hivyo, duniani mlima wa namna hiyo usingesimama. Na ukienda kwenye asteroidi ndogo utakuta mawe yenye umbo la kiazi, kwa kuwa graviti yake haijafikia uwezo wa kuvunja vifungo na kuyaviringa. Ceres, yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, imekwisha kuwa mviringo.

#9 Mwanafunzi wa Usiku

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Umezieleza kani mbili tunazoziona. Zile mbili za nyuklia zina kazi gani katika maisha ya kawaida, ikiwa haziondoki ndani ya kiini? Kitabu chetu kimezipa nusu ukurasa tu.

#10 Mwalimu wa Bamvua

Marahaba. Nusu ukurasa ni kidogo mno kwa kani zinazokuangazia mchana.

Kiini cha atomu kina protoni zilizobanwa pamoja, zote chanya, na kwa sheria ya umeme zingepaswa kurukiana mbali. Kani kali ndiyo inayozizuia. Inaushinda umeme mara nyingi, lakini urefu wa mkono wake ni ule wa kiini chenyewe: mita moja ukiigawa kwa 1 yenye sifuri 15. Protoni huvutwa kwa kani hiyo na majirani zake tu, ilhali umeme wa protoni zote za kiini huisukuma. Kwa hiyo kiini kikizidi ukubwa, umeme hushinda. Ndiyo maana risasi ni elementi ya mwisho yenye viini vilivyo imara, na zote zilizo nzito kuliko hiyo huoza, nyingine kwa haraka na nyingine kwa muda usiofikirika. Jedwali la elementi lina mwisho kwa sababu ya ugomvi wa kani hizi mbili.

Kani hiyohiyo ndiyo inayotupa uzito. Protoni na neutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, lakini tungamo la kwaki zenyewe ni kama asilimia moja tu ya tungamo la protoni. Sehemu kubwa iliyobaki ni nishati ya kani kali na mwendo wa kwaki zilizofungwa ndani. Mtu wa kilo 70 akipanda mizani, karibu kilo 69 zinazosomwa ni nishati iliyofungwa.

Sasa jua, ambapo kani zote nne zinakutana. Graviti inalikandamiza hadi kitovuni panafika nyuzi milioni 15. Umeme unazisukuma protoni zisikaribiane. Mara chache mno mbili hupenya kizuizi hicho kwa njia ya kwanta na kufika mahali ambapo kani kali ingeweza kuzishika. Lakini protoni mbili peke yake haziwezi kuunda kiini kinachodumu. Lazima moja igeuke neutroni papo hapo, na kazi hiyo ni ya kani dhaifu, ambayo hufanya kazi kwa nadra kupita kiasi. Protoni moja katikati ya jua husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka kabla ya kufanikiwa.

Usubirifu huo ndio uliotupa muda. Jua linaunguza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kila sekunde na bado lina umri wa miaka bilioni 4.6, na lina haidrojeni ya kutosha kwa miaka kama bilioni 5 mingine. Mita moja ya ujazo ya kitovu chake hutoa wati zisizofika 300. Mwili wa binadamu, kwa ujazo uleule, hutoa joto zaidi. Jua linang'aa kwa ukubwa wake na haling'ai kwa haraka yake. Kila ninapoifikia hatua hii darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa kuwa sijui jambo jingine la maumbile linalonigusa kama hili: kani iliyo ya polepole ndiyo iliyowapa viumbe nafasi ya kutokea.

Kwa kijana anayetaka kuendelea, niseme kwamba kani dhaifu na sumakuumeme zimekwisha kuonekana kuwa matawi ya shina moja. Kwa nadharia hiyo Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam wa Pakistan walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, na chembe walizozitabiri zikaonekana katika maabara ya CERN mwaka 1983. Salam alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu hasa, na leo kituo hicho kina taasisi mshirika mjini Kigali. Si mbali, mwanangu.

#11 Jirani wa Olkaria

Habari za jioni, mwalimu. Naishi Naivasha, karibu na visima vya mvuke vya Olkaria vinavyotupa umeme hapa Kenya. Je, joto lile lina uhusiano na kani hizi?

#12 Mwalimu wa Bamvua

Lina uhusiano wa moja kwa moja. Dunia hupoteza joto la takriban wati trilioni 47 kupitia ardhi yake, na karibu nusu ya hilo hutokana na urani, thori na potasi zinazooza ndani ya miamba. Urani inapotoa chembe ya alfa, yaani kipande cha kiini chenye protoni mbili na neutroni mbili, umeme unaushinda mkono mfupi wa kani kali. Potasi inapooza, ni kani dhaifu inayofanya kazi. Nusu nyingine ni joto lililobaki tangu graviti ilipoikusanya dunia. Joto hilo ndilo linaloupandisha mwamba wa moto chini ya Bonde la Ufa na kulitanua bonde kwa milimita chache kila mwaka. Taa inayowaka nyumbani kwako inatumia, kwa njia ndefu, kani zilezile za nyuklia.

#13 Mtu wa Mwanza

Nimesoma uzi wote tangu juu na limebaki jambo moja linalonisumbua. Tunajuaje kwamba kani hizi zilikuwa hivihivi zamani? Pengine umeme au kani kali zilikuwa na kiwango kingine miaka bilioni iliyopita, na mahesabu yote ya umri wa miamba ni makosa.

#14 Mwalimu wa Bamvua

Mkuu, ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na ushahidi mmojawapo mkubwa wa kulijibu uko Afrika, nchini Gabon.

Urani ya asili ina isotopu mbili kuu, yaani aina mbili za elementi ileile zinazotofautiana kwa idadi ya neutroni. Ile nyepesi, urani-235, ndiyo inayopasuka kwa urahisi, na popote uchimbapo hukuta kiwango chake ni asilimia 0.720. Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte huko Ufaransa, wapimaji walikuta madini yenye asilimia 0.717. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini urani-235 haipotei bila sababu. Wakafuatilia hadi mgodi wa Oklo, karibu na Franceville, na humo wakakuta vipande vyenye kiwango cha chini hadi asilimia 0.44. Urani ile ilikuwa imekwisha kutumika. Ndani ya mwamba zilikuwamo elementi zinazoachwa na tanuri la nyuklia, kwa uwiano uleule.

Karibu miaka bilioni 2 iliyopita urani-235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3, kwa kuwa huoza haraka kuliko mwenzake, na kiwango hicho kinafanana na cha mafuta ya mitambo mingi ya leo. Oksijeni iliyokuwa imeongezeka hewani iliyayeyusha madini ya urani majini, na kemia ya mchanga wa Oklo ikayakusanya tena mahali pamoja. Maji ya ardhini yalizipunguza kasi neutroni zinazotoka kwenye viini vinavyopasuka hadi zikaweza kupasua viini, na mwamba ukaanza kuchemka. Joto lilipozidi, maji yaligeuka mvuke yakaondoka, tanuri likazimika. Mwamba ukapoa, maji yakarudi, likawaka tena. Gesi ya zenoni iliyonaswa katika madini inaonyesha kwamba liliwaka kwa dakika 30 hivi na kupumzika saa mbili na nusu, na likaendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka bila mkono wa mtu yeyote.

Sasa jibu lako. Miongoni mwa mabaki ya Oklo kuna samari-149, isotopu inayomeza neutroni kwa pupa kubwa kwa sababu ya mlingano mwembamba sana kati ya kani kali na umeme ndani ya kiini chake. Ungebadilisha kani hizo kidogo tu, pupa hiyo ingepotea. Mwaka 1976 mwanafizikia Mrusi Alexander Shlyakhter alionyesha kwamba samari ya Oklo ilimeza neutroni kama inavyomeza leo, na hesabu zilizofanywa baadaye zimeonyesha kwamba kipimo cha nguvu za umeme hakijabadilika hata kwa zaidi ya sehemu moja hivi katika milioni 10 kwa muda wote huo.

#15 Binti Jambiani

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mama sehemu ya bamvua, akasema ni sawasawa. Ameuliza jambo moja: ikiwa kani hazibadiliki, je, na maji yatapwa na kujaa hivihivi milele?

#16 Mwalimu wa Bamvua

Mwambie mama nampa heko, na jibu ni hapana. Kani hazibadiliki, lakini vinavyovutwa nazo vinasogea.

Maji yanapopanda na kushuka husuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo huipunguza dunia mwendo wa kujizungusha. Mwendo unaopotea hapa unahamia kwa mwezi, nao unasukumwa nje. Vioo vilivyoachwa mwezini tangu safari ya Apollo 11 ya mwaka 1969 huturudishia mwanga wa leza, na vinaonyesha kwamba mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku, alihesabu mistari ya kukua katika matumbawe yaliyoishi miaka zaidi ya milioni 350 iliyopita, akakuta kama mistari 400 ya siku ndani ya mwaka mmoja. Siku ya wakati ule ilikuwa na saa 22 hivi. Matumbawe yanayoishi leo katika mwamba wa Jambiani huhesabu siku 365.

Tarehe 1 Septemba 2016 wengi wenu mlisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo katika njia yake, haukutosha kulifunika jua lote, na mliona pete ya moto pembeni. Maji ya Jambiani yanausukuma mwezi huko huko polepole. Baada ya miaka kama milioni 600 utakuwa umefika mbali kiasi kwamba hakutakuwa tena na kupatwa kamili popote duniani, na kila mwezi utakapopita katikati mbele ya jua, jua litaonekana kama lilivyoonekana Rujewa.